Damu ya Majengo na Msako wa Kinga

Wazee wetu wana methali isemayo: kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kinga ya methali hiyo si ile ya kujikingia mvua wala adui. Ni kijinga cha moto, ukuni uliokwisha kushika, ambao ukiutenga na mwenziwe hufifia, kisha ukazima. Vijana wengi wa leo hawaijui maana hiyo kwa sababu jikoni kwao ni gesi. Kinga wanayoijua wao ni ile nyingine, iliyotiwa ndani ya jina la maradhi yaliyotuandama kwa zaidi ya miaka arubaini: Upungufu wa Kinga Mwilini, yaani Ukimwi.

Nimeanza na neno hili kwa makusudi. Katika habari ninayotaka kuwasimulia wasomaji, maana hizo mbili zilikuja kukutana, na zilikutania mahali ambapo watu wa Pwani wanapajua vyema: Majengo ya Pumwani, mjini Nairobi.

Habari yenyewe ni ya mtaalamu mmoja Mkenya, marehemu Profesa Job Bwayo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na wenziwe, waliotumia umri wao kutafuta jinsi mwili wa binadamu unavyopigana na virusi vya Ukimwi, na jinsi unavyoweza kufundishwa vita hivyo kwa chanjo. Magazeti hupenda habari za walioshinda. Hawa hawakushinda, chanjo haijapatikana hadi leo. Hata hivyo yale waliyoyagundua njiani ni mambo ya ajabu, na aghalabu yamesimuliwa kwa Kiingereza tu, kwa watu wa mbali, ilhali damu iliyofunua mambo hayo ilitoka kwa watu wasemao Kiswahili.

Tuanze barabarani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Bwayo na wenziwe waliweka zahanati Athi River, kando ya barabara kuu itokayo Mombasa, mahali ambapo malori husimama kabla ya kuingia Nairobi. Maradhi yalikuwa yakienea, na ilikuwa dhahiri kwamba yakisafiri kwa njia ile ile ipitayo sukari, saruji na mafuta, kutoka Kilindini hadi Kampala, Kigali na kwingineko. Walitaka kujua ni madereva na utingo wangapi waliokwisha ambukizwa.

Mjomba wangu mmoja alikuwa katika kazi hiyo ya malori. Alirudi safari moja akatuambia barazani kwamba huko njiani kuna madaktari wanaowaomba madereva damu.

"Wanaomba?" akauliza mzee mmoja.

"Wanaomba, mzee wangu. Na ukikataa wanakuacha uende zako."

Mzee akatikisa kichwa akasema kwamba basi mumiani wa siku hizi wamekwenda shule.

Watu walicheka, lakini si wote waliokuwa wakifanya mzaha. Mumiani ni hofu kongwe katika Pwani hii. Neno lenyewe lilitujia kwa njia ya bahari, nalo lilikuwa jina la dawa nyeusi mfano wa lami iliyouzwa madukani. Watu wakaamini kwamba dawa ile hutengenezwa kwa damu ya binadamu, na kwamba wako watu wanaozunguka usiku kuitafuta. Sisi tuliokua katika miji hii tumetishwa kwa mumiani ili tuingie ndani baada ya magharibi. Hata kule Kilifi, kilipoanzishwa kituo cha utafiti mwaka wa 1989, watafiti wameandika wenyewe jinsi wazazi walivyokuwa na wasiwasi juu ya damu ya watoto wao na mahali inapopelekwa. Mimi siioni hofu hiyo kuwa ni ujinga. Mtu akikuchukulia kitu kilicho ndani ya mwili wako, unayo haki ya kuuliza anakwenda kukifanyia nini, na nini kitakachokurudia.

Matokeo ya Athi River yalichapishwa mwaka wa 1994. Kati ya madereva na utingo 970, asilimia 27 walikuwa na virusi. Tafadhali msomaji, isome tena tarakimu hiyo: zaidi ya mmoja katika kila wanne. Mombasa nako kulifanywa utafiti mwingine, wa wafanyakazi 746 wa makampuni ya malori, uliochapishwa mwaka wa 1999, nao ulionyesha kwamba wanaume wasiotahiriwa walikuwa wakiambukizwa mara nne zaidi ya waliotahiriwa. Hilo liliwafurahisha baadhi ya watu wetu kupita kiasi. Nilimsikia mtu akijigamba mkahawani kwamba sisi tumekwisha salimika tangu siku ya jando. La hasha! Majaribio yaliyofuata Kisumu yalithibitisha kwamba tohara hupunguza hatari kwa takriban nusu au zaidi kidogo. Nusu iliyobaki inatosha kumzika mtu, na mke hana fungu lolote la moja kwa moja katika nusu hiyo ya mumewe.

Sasa twende Majengo. Mtaa ule ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ilipowakusanya Waafrika wa Nairobi mahali pamoja. Waliojenga zile nyumba za udongo wengi wao walikuwa Waislamu, watu wa kanzu na kanga. Wengi wa wenye nyumba walikuwa wanawake, na baadhi yao nyumba hizo walizipata kwa biashara isiyotajwa mbele ya wakwe. Mwanahistoria wa Kimarekani, Luise White, aliandika kitabu kizima juu ya wanawake hao mwaka wa 1990, na baadaye akaandika kingine juu ya mumiani na wanyonya damu. Sidhani kwamba ni sadfa. Mambo hayo mawili yamekaa nyumba moja siku nyingi.

Mwaka wa 1985 wanawake waliokuwa wakifanya biashara hiyo Majengo wengi wao walikuwa wametoka Tanzania, wengine Uganda na sehemu mbalimbali za Kenya. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi walikuwa wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, kutibu maradhi ya zinaa ya kawaida. Miongoni mwa Wakanada hao alikuwamo kijana mmoja, Dakta Frank Plummer, mzaliwa wa Winnipeg. Walipopima damu kutafuta virusi vipya, waligundua kwamba asilimia 66 ya wanawake wa hali ya chini waliopimwa Nairobi wamekwisha ambukizwa. Inasemekana Plummer mwenyewe hakutarajia hesabu kubwa kiasi hicho.

Hapo ndipo ilipoingia kazi ya Profesa Elizabeth Ngugi, muuguzi Mkenya ambaye hatajwi vya kutosha. Yeye hakuwaita wanawake wale ofisini. Aliwaendea, akakaa nao vikao, akawahimiza wachague viongozi wao wenyewe, akawafundisha kutumia mipira na kukataa mteja asiyetaka. Bila yeye hapangekuwa na utafiti, maana hakuna mwanamke ambaye angerudi zahanati mwaka baada ya mwaka kutolewa damu na watu asiowaamini. Nalo jina lao lilisitiriwa. Katika daftari za utafiti kila mmoja aliandikwa kwa nambari. Sitara hiyo iliwafaa, kwani wengine nyumbani kwao walijulikana kuwa wanauza mboga.

Miaka ikapita. Madaktari wakaanza kuona jambo ambalo halikuingia akilini. Baadhi ya wanawake hawakuambukizwa. Walikuwa katika biashara ile ile, mtaa ule ule, na wateja wa aina ile ile, na wenzao wa chumba cha pili wamekwisha fariki, lakini wao kila wakipimwa damu ni safi. Kwanza walidhani ni makosa ya vipimo, wakavirudia. Kisha wakadhani ni bahati. Hesabu iliyochapishwa mwaka wa 1996 ilikuwa ya wanawake 424 waliokuwa hawana virusi walipoandikishwa, wakafuatiliwa kati ya 1985 na 1994. Katika hao, 239 waliambukizwa. Lakini wale waliobaki, kadiri walivyokaa muda mrefu bila kuambukizwa ndivyo hatari yao ilivyozidi kupungua. Bahati haiendi hivyo. Ingekuwa ni bahati tu, hatari ingebaki pale pale kila mwaka, kama ya mtu achezaye kamari.

Ilibidi kuuliza: wana nini miilini mwao?

Hapa nawaomba wasomaji wavumilie maelezo kidogo. Mwili una majeshi ya namna mbili. Jeshi la kwanza ni kingamwili, vitu vidogo vinavyoelea katika damu na kumshika adui angali nje, kabla hajaingia chembe yoyote. Chanjo nyingi tunazozijua, kama ya surua, hulitegemea sana jeshi hilo. Jeshi la pili ni chembe nyeupe wauaji, ambazo hazihangaiki na adui aliye njiani; kazi yao ni kupiga hodi kila mlangoni, kukagua chembe za mwili, na ikiwa moja imekwisha tekwa huiua pamoja na adui aliyemo. Ubaya wa virusi vya Ukimwi ni wa aina mbili. Kwanza hubadilisha vazi lao kila kukicha, kwa hiyo kingamwili iliyojifunza sura ya jana leo haimtambui. Pili, chembe wanazozishambulia ni zile zinazotoa amri kwa majeshi yote mawili. Ni mwizi anayeanza kwa kumfunga kamba jemadari.

Bwayo, mwanafunzi na baadaye mwenziwe Omu Anzala, na Wakanada wale wakaungana na wataalamu wa Oxford, Uingereza, wakiwemo Sarah Rowland-Jones na Andrew McMichael. Rowland-Jones alikuwa amekwisha ona jambo kama hilo kwa wanawake wachache wa Gambia. Katika damu ya wanawake wa Majengo wasioambukizika, walikuta chembe wauaji zinazovitambua virusi vya Ukimwi, tena zinatambua zile sehemu za ndani ambazo virusi haviwezi kuzibadilisha kwa urahisi. Chembe hizo haziwezi kujua adui wasiyepata kukutana naye. Maana yake ni kwamba virusi viliingia katika miili hiyo, labda mara nyingi, na vikapigwa vikatoka, bila ya kuacha maradhi. Ripoti hiyo ilichapishwa mwaka wa 1998. Ukiwa wewe ni mtu umetafuta chanjo kwa miaka, ukaambiwa kwamba maumbile yamekwisha itengeneza chanjo hiyo ndani ya mwanamke aliyepanga chumba kimoja Majengo, utalala usingizi?

Bwayo hakulala. Mradi wa Chanjo ya Ukimwi Kenya, ujulikanao kwa herufi KAVI, ulianzishwa chini yake katika chuo cha matibabu kilicho jirani na Hospitali ya Kenyatta. Kazi ikawa kutengeneza chanjo iliyojengwa juu ya aina A ya virusi, ile iliyoenea Kenya, na kutiwa zile sehemu ambazo chembe za wanawake wale zilizitambua. Ilijaribiwa kwanza Oxford mwaka wa 2000, kisha Nairobi mwaka wa 2001. Kabla ya hapo majaribio ya chanjo za Ukimwi yalikuwa yakifanywa zaidi kwa virusi vya Ulaya na Marekani. Hii ilikuwa kanzu iliyokatwa kwa kipimo cha mvaaji.

Haikukosa ugomvi. Mwaka wa 2000 ilijulikana kwamba hati ya hakimiliki ya chanjo hiyo iliandikishwa Uingereza bila ya wataalamu wa Nairobi kutajwa. Kelele zikapigwa magazetini, na hatimaye pande zote zikapatana kushirikiana. Nilipoisoma habari ile nilimkumbuka yule mzee wa barazani. Wataalamu waligombania nani ataandikwa, na ni haki yao; ila sikusikia mtu akiuliza fungu la wenye damu.

Nalo jaribio lilikuwa na kazi ya pili, ngumu kuliko ya maabara, nayo ni kuwapata watu wazima wenye afya wa kuchanjwa. Wakenya walikuwa wamekwisha chomeka. Mwaka wa 1990 dawa iitwayo Kemron ilizinduliwa kwa shangwe kubwa na Rais Moi mwenyewe, watu wakauza mbuzi na mashamba kuitafuta, kisha uchunguzi wa baadaye ukaonyesha kwamba haikufaa. Baada ya hapo ukimwambia mtu "nina chanjo", jibu lake la kwanza ni kwamba unataka kumtia maradhi yenyewe. Bwayo na wenziwe walilazimika kueleza kila siku kwamba ndani ya chanjo hamna virusi vizima, ila vipande vidogo vya nakala, visivyoweza kumwambukiza mtu. Kati ya waliojitokeza kwanza walikuwamo madaktari wenyewe. Hiyo ni hoja ambayo hata mzee wa mumiani angeikubali.

Wakati watu wakingoja matokeo, Majengo ikatoa siri yake nyingine, na hii ndiyo iliyonifanya niikumbuke ile methali. Mwaka wa 2001 watafiti walichapisha habari za wanawake 114 waliohesabiwa kuwa hawaambukizwi. Kumi na mmoja kati yao sasa walikuwa wameambukizwa. Walipochunguza wanawake hao wametofautiana na wenzao kwa lipi, waliona kwamba waliokuwa wamepumzika na biashara kwa muda, au kuipunguza, ndio waliokuwa hatarini waliporudi. Mmoja huenda kwao kuuguza mama, mwingine hupata bwana wa kumtunza. Wakati huo chembe wauaji, zisipomwona adui, hupungua na kusahau. Kijinga kimetengwa na kijinga chenziwe, moto umefifia. Mwanamke anarudi Majengo akidhani yu salama kama zamani, kumbe ngao ameiacha safarini.

Ugunduzi huo ulikuwa mchungu kwa wenye chanjo. Ikiwa kinga ya maumbile yenyewe haidumu bila kukutana na adui mara kwa mara, chanjo ya sindano mbili tatu itadumu vipi? Na kweli, matokeo yalipotoka mwaka wa 2004, ile chanjo ya Oxford na Nairobi ilionekana kuwa salama, lakini iliamsha majeshi ya mwili kwa unyonge na kwa watu wachache tu. Ikawekwa kando.

Bwayo hakuacha. KAVI iliendelea kupima chanjo nyingine, na vijana wengi wa Kenya walijifunza kazi chini ya mikono yake. Mwezi wa Februari 2007 majambazi waliotaka gari walimpiga risasi mjini Nairobi, akafariki, na mkewe akajeruhiwa. Mtu aliyeshindana kwa miaka ishirini na mwuaji asiyeonekana, aliuawa na waliotaka gari. Sina la kuongeza hapo. Omu Anzala alishika usukani, na taasisi hiyo ingali inafanya kazi.

Katika dunia nzima mambo hayakuwa mepesi zaidi. Thailand, mwaka wa 2009, chanjo iliyojaribiwa kwa watu zaidi ya 16,000 ilipunguza maambukizo kwa asilimia 31, na hiyo ndiyo iliyofanya vyema kuliko zote. Nyingine kubwa za Afrika Kusini na nchi jirani zilisimamishwa mwaka wa 2020 na 2021, na nyingine ya Amerika na Ulaya mwaka wa 2023. Kilicholeta faraja si chanjo bali ni dawa: zile za kumeza, zilizoanza kupatikana Kenya kwa wingi baada ya 2003, zikiwemo kwa wanawake wa Majengo walioambukizwa, na hivi karibuni sindano ya kila miezi sita iitwayo lenacapavir. Mwaka wa 2024 sindano hiyo ilijaribiwa kwa wanawake vijana wa Afrika Kusini na Uganda, na kati ya 2,134 waliodungwa hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Lakini ukiacha kudungwa, kinga inakwisha. Chanjo ya kweli ingemfundisha mwili kazi hiyo aifanye mwenyewe, na ndiyo maana wataalamu hawajakata tamaa.

Hata wanawake wa Majengo hawajamaliza kufundisha. Uchunguzi wa baadaye, ulioongozwa na Keith Fowke wa Manitoba, yule aliyeandika ile hesabu ya 1996, ulionyesha jambo lililokuwa kinyume cha matarajio. Chembe za wanawake wasioambukizwa zilikuwa tulivu kuliko za watu wengine. Virusi vya Ukimwi hupenda chembe iliyokwisha amka na kuchangamka; chembe iliyotulia haiwapi makao mazuri. Basi wakajiuliza kama utulivu huo unaweza kuletwa kwa dawa. Wakawapa wanawake wa Nairobi aspirini, kidogo kila siku, aspirini hii hii ya dukani, na mwaka wa 2018 wakatangaza kwamba zile chembe ambazo virusi huzitafuta zilipungua katika njia ya uzazi kwa kiasi cha theluthi moja. Haijathibitishwa kwamba aspirini humzuia mtu asiambukizwe, na asitokee mtu kesho akaigeuza kuwa kinga yake. Lakini dawa ya shilingi chache kutiwa katika mizani hiyo ni jambo la kupendeza.

Frank Plummer aliishi Nairobi miaka mingi, kisha akarudi kwao kuongoza maabara kuu ya taifa ya Kanada. Mwezi wa Februari 2020 alikuja tena Nairobi kwa maadhimisho ya miaka arubaini ya ushirikiano wa vyuo vile viwili. Akaanguka huko huko, akafa, akiwa na umri wa miaka 67. Baadhi ya wanawake walioandikishwa siku za mwanzo ni mabibi sasa, wana wajukuu. Damu yao ingali imegandishwa Nairobi na Winnipeg, katika vichupa vidogo vilivyoandikwa nambari.